Jicho Linalochakaa Angani: Jibu kwa Wanaosema Mionzi Haituhusu

Wahandisi wetu vijana, pamoja na waandishi wa habari wanaowanukuu, wameafikiana juu ya jambo moja: satelaiti ndogo haina sababu ya kuogopa mionzi. Kwanza wanasema obiti ya chini imekingwa na usumaku wa dunia. Kisha wanasema kihisi cha kamera siku hizi ni rahisi, kikiharibika kinarushwa kingine. Ukizidi kubisha, wanakufunga mdomo kwa jibu la mwisho: satelaiti yenyewe itaanguka na kuungua hewani kabla mionzi haijaifanya lolote. Kila nikiyapima madai haya nayaona ni nusu ukweli, na nusu tatu za ukweli hazijumlishwi zikawa ukweli mmoja na nusu.

Ninaandika nikiwa na Masara akilini. Huko Suna Magharibi, kaunti ya Migori, ardhi imetobolewa na wachimbaji wadogo wa dhahabu, shimo baada ya shimo, na mawe yaliyosagwa huoshwa kwa maji na zebaki. Kinachobaki huteremka na mvua kuelekea mito, na mito humwaga maji katika Ziwa Viktoria. Kaskazini kidogo, Homa Bay, wavuvi huamka na kukuta ghuba imefunikwa na gugu maji, mashua haitoki wala haiingii. Mashimo, tope na magugu ndiyo hasa mambo ambayo tumeahidiwa satelaiti itatusaidia kuyafuatilia. Basi ubora wa jicho la satelaiti si suala la maabara za Nairobi pekee. Jicho hilo likisoma vibaya, anayesomwa vibaya ni mtu wa huku.

Tukumbushane tuna nini. Mei 2018, satelaiti ya kwanza ya Wakenya, 1KUNS-PF, iliachiliwa kutoka Kituo cha Kimataifa cha Anga. Ilikuwa mchemraba wa sentimita 10 kila upande, kazi ya Chuo Kikuu cha Nairobi na wenzao wa Sapienza cha Roma, kwa msaada wa shirika la anga la Japani. Ilianguka na kuungua 2020. Uganda ikafuata na PearlAfricaSat-1 mwishoni mwa 2022. Tarehe 15 Aprili 2023, baada ya kuahirishwa zaidi ya mara moja, Taifa-1 ikapanda kwa roketi ya Falcon 9 kutoka Vandenberg, California. Taifa-1 ni michemraba mitatu ya aina ile iliyounganishwa, imeundwa na SayariLabs ya Kenya pamoja na EnduroSat ya Bulgaria, na gharama iliyotangazwa ni shilingi milioni 50 hivi. Imebeba kamera ya kupiga picha za ardhi kwa ajili ya kilimo, mazingira na maafa.

Siku ile kila chombo cha habari kilihesabu dakika za roketi. Wa kuuliza kamera ile itaona vipi baada ya miaka miwili au mitatu hakuwepo, au kama alikuwepo hakupewa kipaza sauti.

Sasa tuingie kwenye hoja. Tuanze na hii ya ngao.

Ni kweli usumaku wa dunia huzuia sehemu kubwa ya chembe zinazotoka kwenye jua na mbali zaidi. Lakini usumaku huohuo huzinasa nyingine na kuzizungusha miaka na miaka katika mikanda iliyogunduliwa na James Van Allen mwaka 1958, wakati satelaiti ya kwanza ya Marekani ilipobeba kihesabu chembe chake. Na usumaku wa dunia haujakaa katikati kabisa ya dunia. Umesogea pembeni kwa kilomita mia kadhaa. Kwa sababu hiyo mkanda wa ndani, wenye protoni nyingi, unashuka chini sana juu ya bahari kati ya Brazil na kusini-magharibi mwa Afrika. Wataalamu huliita eneo hilo Hitilafu ya Atlantiki ya Kusini. Darubini ya Hubble inapopita hapo husimamisha uchunguzi wake. Satelaiti inayopita karibu na ncha za dunia kwa kimo cha kilomita 500 hivi, na hizo ndizo obiti za roketi za pamoja kama ile iliyoibeba Taifa-1, huingia eneo hilo mara kadhaa kila siku. Haikai sana, dakika chache tu kila mara. Lakini dakika hizo hujirudia kila siku ya uhai wake, na kihisi hakisahau.

Kwa nini hakisahau? Kihisi cha kamera ni kipande cha silikoni kilichogawanywa katika vijumba vidogo viitwavyo pikseli. Nuru ikiingia kwenye kijumba inatoa elektroni, elektroni zinahesabiwa, hesabu inageuka kuwa picha. Protoni yenye nguvu ikipita humo, mara chache hugonga atomu ya silikoni na kuing'oa mahali pake. Pengo linabaki katika mpangilio wa atomu. Kuanzia hapo elektroni hupata njia ya mkato ya kuruka kwa joto peke yake, pasipo nuru yoyote. Kijumba kinaanza kuhesabu mwanga ambao haupo. Mkondo huu wa gizani huongezeka maradufu kwa kila nyuzi 6 hadi 8 za joto, na satelaiti ya ukubwa wa mkate mrefu haina nafasi wala umeme wa kubeba mtambo wa kupoza. Pikseli zilizoumia vibaya hung'aa kama nukta nyeupe hata kamera ikiwa imefunikwa. Wataalamu huziita pikseli moto. Baadhi zina tabia mbaya zaidi: dakika hii ziko juu, baadaye zimeshuka, kisha zimepanda tena, bila mpangilio unaoweza kutabiriwa.

Hapa ndipo watetezi wa nusu ukweli hutoa karatasi yao ya majaribio. Wanasema kihisi hiki kimepimwa, kimevumilia kilorad kadhaa, na huko juu kitapata kilorad chache tu katika uhai wake wote. Hesabu hiyo ni sahihi. Kasoro yake ni kwamba imejibu swali jingine. Kilorad hupima nishati ya mionzi inayofyonzwa na kifaa na kuacha chaji ndani yake, na majaribio yake hufanywa kwa miale ya gama kutoka kobalti-60, ileile iliyotumika hospitalini kutibu saratani. Gama hizo huacha chaji nyingi lakini hung'oa atomu chache mno. Protoni hufanya yote mawili. Kihisi kinaweza kupita mtihani wa kobalti kwa alama za juu, kikafika angani na kuanza kuota pikseli moto wiki baada ya wiki. Kupima uharibifu wa aina hiyo kunahitaji protoni zenyewe, yaani kiongeza kasi cha chembe kama kile cha iThemba LABS nje ya Cape Town. Si Ulaya wala Amerika, ni Afrika hii hii. Kwa hiyo mtu akikuonyesha cheti, muulize kwanza ni cheti cha mtihani gani.

Mimi si wa kwanza kulalamika, na ushahidi si wa kubuni. Upo mfano mmoja unaofanana na wetu kuliko mingine yote, na nashangaa hautajwi. Kati ya 2013 na 2014, Austria, Kanada na Poland zilirusha satelaiti ndogo za mradi wa BRITE, kila moja mchemraba wa sentimita 20 wenye uzito wa kilo 7 hivi, kazi yake ikiwa kupima mng'aro wa nyota angavu. Mbili za kwanza zilirushwa na roketi ya India Februari 2013. Vihisi vyake vilikuwa vya kununuliwa sokoni, vya kampuni ya Kodak, havikutengenezwa kwa ajili ya anga. Kimo chao kilikuwa cha chini, ndani ya ngao ile ile tunayoambiwa inatosha.

Katika miezi ya mwanzo pikseli moto zilishaanza kuonekana. Zikaongezeka. Safu wima nzima za kihisi zikaanza kung'aa bila nuru. Chaji iliyokuwa ikisafirishwa kutoka pikseli hadi pikseli ikaanza kukwama njiani, nyota ikaacha mkia kwenye picha. Waliosema "haitakuwa tatizo" wangekuwa na la kujibu hapo. Lakini sikiliza walichofanya wanasayansi wa BRITE, maana ndio moyo wa hoja yangu. Hawakutangaza kwamba satelaiti imekufa, kwa sababu haikuwa imekufa: betri ilikuwa nzima, redio ilikuwa nzima, picha zilikuwa zinashuka. Wakabadili namna ya kupiga picha. Satelaiti ikawa inajisogeza kidogo kati ya picha moja na inayofuata ili nyota iangukie upande mwingine wa kihisi, kisha picha moja inatolewa kwenye nyingine. Nyota inabaki, mara moja chanya, mara moja hasi, na sehemu kubwa ya uchafu wa pikseli moto inajifuta. Kwa mbinu hiyo BRITE-Austria ilifikisha miaka kumi kazini 2023. Uharibifu haukuzuiwa. Ulijulikana, ukapimwa na kuingizwa katika taratibu za kila siku. Tofauti kati yao na sisi si pesa nyingi. Kilo 7 si chombo cha tajiri. Tofauti ni kwamba walitazama.

Nitajibiwa kwamba vihisi vya BRITE ni vya kizazi cha zamani, na kwamba vya leo, vinavyofanana na vya simu, havisafirishi chaji kutoka pikseli hadi pikseli. Nakubali. Tatizo la chaji kukwama limepungua sana. Mkondo wa gizani haukupungua kwa sababu hiyo, na pikseli zinazopanda na kushuka hazikuondoka. Silikoni ni silikoni. Protoni haiulizi imechongwa mwaka gani.

Nitajibiwa pia kwamba programu zitarekebisha. Hapa nakubali kwa nusu. Ukipiga picha kamera ikiwa gizani, unapata ramani ya pikseli zilizoharibika, na unaweza kuitoa kwenye picha za mchana. Lakini lazima mtu aipige. Satelaiti nyingi za aina hii hazina kifuniko cha kamera, kwa hiyo picha ya giza hupigwa upande wa usiku, juu ya bahari isiyo na taa, na picha hiyo inakula umeme, inakula nafasi kwenye redio, na haina uzuri wa kuwekwa kwenye kalenda. Tena lazima ipigwe kwa joto linalokaribiana na la picha za mchana, na irudiwe mara kwa mara, kwa sababu ramani ya mwezi uliopita si ya mwezi huu. Programu bila picha za giza haina cha kurekebisha. Itabahatisha, na itabahatisha kwa kujiamini.

Jibu la kuanguka mapema ndilo dhaifu kuliko yote, ingawa ndilo linalopendwa. Kwa 1KUNS-PF lilikuwa na mashiko. Satelaiti inayoachiliwa kutoka kituo cha anga, kimo cha kilomita 400, huvutwa na hewa na kushuka baada ya mwaka mmoja au miwili. Lakini nani anataka kubaki hapo? Satelaiti ya kufuatilia mazingira inapelekwa juu zaidi makusudi ili idumu, na kadiri inavyodumu ndivyo kihisi kinavyozidi kuchakaa. Huwezi kuiombea serikali pesa kwa kuahidi miaka mingi ya huduma, kisha ukajitetea mbele ya mhandisi mwenzako kwamba haitadumu hata ichakae. Chagua ahadi moja.

Sasa nieleze kwa nini uharibifu huu unatuuma sisi wa ziwani kuliko wengine. Maji ni meusi kwa satelaiti. Katika nuru inayokaribia infraredi, maji safi hurudisha nuru kidogo sana, na mmea wowote unaoelea juu yake hung'aa. Hivyo ndivyo gugu maji lilivyopimwa kutoka angani hata ikajulikana kwamba mwaka 1998 lilifunika takriban hekta 17,000 za upande wa Kenya, nyingi zikiwa katika Ghuba ya Winam, ile inayopakana na Homa Bay. Sasa fikiria kihisi kilichoongeza mkondo wa gizani. Juu ya shamba la mahindi lenye mwanga mwingi, nyongeza ndogo haionekani. Juu ya maji meusi, nyongeza ileile ni sehemu kubwa ya kila kilichohesabiwa. Maji yatasomeka yana kitu juu yake. Tope la Mto Kuja linaloingia ziwani Nyatike litasomeka limeongezeka, au, kama mtu amefanya marekebisho kupita kiasi, litasomeka limepungua. Kwa vyovyote namba itakayotoka itakuwa na sauti ya mamlaka, na mkaguzi wa mazingira ataipeleka mahakamani au ataiacha mezani kwa kuiamini.

Na Masara je? Shimo la mchimbaji mdogo lina upana wa mita chache, dogo kuliko eneo ambalo pikseli moja ya satelaiti ya aina hii huliona. Uchimbaji mpya, basi, hutambuliwa kwa pikseli moja au mbili zilizobadilika kati ya picha ya mwaka jana na ya mwaka huu: kijani kimeondoka, udongo mweupe umetokea. Pikseli moto nayo ni nukta moja iliyong'aa ghafla. Isitoshe, imekaa mahali pamoja kwenye kihisi lakini satelaiti haipiti juu ya Masara kwa mstari uleule kila siku, kwa hiyo nukta hiyo itaangukia shamba la huyu leo na la yule wiki ijayo. Kwa programu ya kompyuta ambayo haikuambiwa chochote, hayo ni mashimo mapya yanayochipuka kila mahali. Ofisa aliyepewa orodha hiyo atafunga safari, hatakuta kitu, na safari ya tatu hataenda. Siku shimo la kweli litakapotokea, karibu na chanzo cha maji, litakuwa katika orodha ileile ambayo hakuna anayeiamini.

Wakubwa wameshaumwa na jambo la namna hii, na hawakuona aibu kulisema. NASA ilikuwa na satelaiti mbili zenye chombo kinachofanana: Terra, iliyorushwa Desemba 1999, na Aqua, Mei 2002. Katika baadhi ya maeneo Terra ilionyesha kijani kinapungua mwaka hata mwaka huku Aqua haioni hivyo. Utafiti uliochapishwa 2012 ulionyesha kwamba sehemu ya upungufu huo haikuwa ya mimea. Ilikuwa ya chombo chenyewe. Nikiri kwamba chanzo kikubwa hapo hakikuwa protoni kwenye silikoni bali kuchakaa kwa vioo na vifaa vya kusahihishia vipimo kwenye jua kali la anga. Lakini funzo halibadiliki: kifaa kilizeeka, na uzee wake ukasomwa kama habari ya dunia. Takwimu zote zikachakatwa upya. Hao walikuwa na satelaiti ya pili ya kuwaumbua. Sisi yetu ni moja.

Wala usidhani kwamba haya ni mambo ya wasomi. Kenya inalipa watu pesa kwa namba za namna hii. Bima ya mifugo iliyoanza Marsabit Januari 2010 hutazama kiwango cha kijani kinachosomwa kutoka angani. Kikishuka chini ya kipimo fulani, mfugaji analipwa. Bima kama hiyo ikija kwa mahindi ya Migori na miwa ya Awendo na Ndhiwa, kihisi kinachosoma juu kidogo kitamnyima mkulima haki yake, na kinachosoma chini kidogo kitaifilisi kampuni ya bima. Hapo hakuna mwizi wa kukamata.

Mchimbaji wa Masara analielewa jambo hili bila kufundishwa fizikia. Mnunuzi wa dhahabu huja na mizani ndogo, na chembe za dhahabu ni ndogo vilevile. Mizani ikipotoka kidogo tu, jasho la juma zima limekwenda. Ndiyo maana sheria inataka mizani ya biashara ikaguliwe kila mwaka na kupigwa muhuri na Idara ya Mizani na Vipimo. Hakuna anayesema mizani ni rahisi kwa hiyo haina haja ya kukaguliwa. Satelaiti ya shilingi milioni 50 inayopima kaunti nzima haina muhuri wowote, na aliyeuliza muhuri uko wapi anaitwa mpinzani wa maendeleo.

Kuna kundi jingine ambalo halina budi kuguswa, kwa sababu litasoma makala haya na kushangilia mapema. Hao ni wale wanaosema: kama ni hivyo, tusijisumbue, tutumie picha za satelaiti za Landsat za Marekani na za Ulaya, ni za bure. Sikubaliani nao hata kidogo. Landsat 8 hurudi mahali palepale kila baada ya siku 16, na mawingu ya mchana juu ya ziwa hayaitazami ratiba yake. Tena Landsat haikupewa uaminifu kama zawadi. Kila mwezi hugeuzwa kuutazama mwezi wa angani, ambao mng'aro wake unajulikana, ili vihisi vyake vipimwe. Hiyo ni tabia, na tabia inaweza kuigwa na mwenye satelaiti ndogo. Kampuni ya Planet ya Marekani ina satelaiti nyingi za ukubwa ule ule wa Taifa-1, na huzisahihisha kwa kuzilinganisha na satelaiti kubwa pamoja na mwezi. Zaidi ya hayo, hofu nayo ina kiasi. Darubini ya Gaia ya Ulaya, iliyorushwa Desemba 2013, iliandaliwa kwa woga mkubwa wa mionzi, na uharibifu ulipopimwa ukakutwa ni mdogo kuliko uliotabiriwa. Darubini ya Chandra, kwa upande wake, iliumizwa vihisi vyake katika majuma yake ya mwanzo angani, mwaka 1999, na protoni dhaifu ambazo watu hawakuzitarajia; ilipogundulika, kamera ikawa inaondolewa kwenye njia ya vioo kila darubini inapopita mikanda, na Chandra ikaendelea na kazi kwa miaka mingi. Katika visa vyote viwili kilichookoa hakikuwa utabiri bali kupima.

Nimeitaja Chandra kwa sababu nyingine pia. Aliyeipigania darubini hiyo tangu mwanzo ni Riccardo Giacconi, na njia yake ya kufika huko ilipitia pwani yetu. Tarehe 12 Desemba 1970, siku ya kuadhimisha miaka saba ya uhuru wa Kenya, satelaiti ya kuchunguza miale ya eksi ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi, ikapewa jina Uhuru. Kwa nini waje mpaka Malindi? Kwa sababu karibu na ikweta roketi inaweza kuiweka satelaiti katika obiti inayofuata ikweta, na obiti ya chini ya namna hiyo hupita mbali na kitovu cha Hitilafu ya Atlantiki ya Kusini, ikigusa ukingo tu. Vyombo vya Uhuru vilipata utulivu wa kuhesabu miale hafifu kutoka mbali. Jukwaa lile lilirusha satelaiti tisa kati ya 1967 na 1988, kisha likanyamaza.

Sasa tazama ramani. Migori iko nyuzi moja hivi kusini mwa ikweta, Homa Bay nusu nyuzi. Obiti ya ikweta inapita juu yetu mara nyingi kwa siku moja, tena kwa protoni chache mno. Ina gharama zake: haitaiona Turkana vizuri, saa ya jua hubadilika kila inapopita, vivuli havilingani, na roketi za pamoja za bei nafuu haziendi huko. Sisemi kila satelaiti yetu ifuate njia hiyo. Ninachosema ni kwamba watu wanaotuambia mionzi haituhusu hawajawahi hata kuliweka jambo hili mezani, ilhali waliokuja Malindi zaidi ya nusu karne iliyopita walilichagua eneo letu kwa faida hizohizo. Nchi iliyo kwenye ikweta kununua nafasi California ili kupeleka kamera yake ipite kwenye protoni kila siku inaweza kuwa uamuzi sahihi wa fedha. Lakini basi uwe uamuzi, usiwe mazoea.

Shirika la Anga la Kenya liliundwa 2017 na liko chini ya Wizara ya Ulinzi. Silishuku nia yake. Nalidai mambo machache ambayo hayahitaji roketi mpya. Kila picha inayotolewa kwa kaunti iambatane na tarehe ya picha ya giza iliyotumika kuisahihisha na idadi ya pikseli zilizotiwa alama kuwa mbovu. Picha za giza zenyewe ziwekwe wazi ili mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Rongo aweze kuchora mwenyewe jinsi kihisi kinavyozeeka. Hakuna siri ya ulinzi katika picha nyeusi. Kabla ya kununua kihisi cha satelaiti ijayo, kipande cha kundi lilelile kipelekwe mbele ya protoni, si mbele ya kobalti peke yake. Na msimamizi wa kazi hii apewe mshahara kwa uhai wote wa satelaiti, asiajiriwe kwa msimu wa sherehe za kurusha.

Bajeti ya satelaiti ijayo itafika Bungeni, na safari hii itakuwa kubwa kuliko shilingi milioni 50. Waheshimiwa wa Migori na Homa Bay, msiulize itarushwa lini. Ulizeni ni shilingi ngapi zimetengwa kulipima jicho lake katika mwaka wa tatu, na nani atasaini. Wakikosa jibu, kataeni kuipitisha.